Mwito wa Tatu

Mmeniuliza mara nyingi, nyinyi vijana mliokuja nyuma yangu, kwa nini nikiita rejista namwita mtoto mara tatu kabla ya kuandika kuwa hayupo. Nimekuwa nikiwajibu kwamba ni uzee, au kwamba masikio ya watoto wa siku hizi yamejaa muziki. Hayo ni majibu ya chumba cha chai. Sasa nimestaafu, kadi mmenipa, saa ya ukutani mmenipa, sijui mtu aliyestaafu ana haja gani na saa, na nina nafasi ya kuwapa jibu lenyewe. Lisomeni mchana.

Nilizaliwa Wete, Pemba, nikaja Landani nikimfuata mume wangu aliyekimbia nyumbani kwa mambo ya siasa. Nilishona mapazia, nikahudumia wazee majumbani kwao, nikapiga chapa katika ofisi moja ya mawakili ambako hakuna aliyelishika jina langu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wanangu wakiwa wameshakuwa wakubwa na kila nikisema nao Kiswahili wananijibu Kiingereza, niliona karatasi imebandikwa kwenye duka la Mghana mmoja Tottenham. Shule inatafuta mtu anayejua Kiswahili, asaidie watoto wakimbizi. Nilikuwa nimekwenda kununua muhogo, nikarudi na kazi.

Jengo mnalijua, ingawa limepakwa rangi tangu hapo. Ghorofa tatu za matofali mekundu, madirisha yamewekwa juu makusudi ili mtoto aone mbingu tu asione barabara. Na zile ngazi za mawe katikati. Mtu akikohoa chini, wewe uliye juu utadhani amekohoa begani mwako. Siku yangu ya kwanza nilimsikia mwanamke akinong'ona "asubuhi njema" sikioni, nikageuka na salamu yangu tayari, hakuna mtu. Bwana Terry, aliyekuwa akitunza jengo, aliniona ninavyozunguka akacheka. "Ni ngazi hizo," akasema. "Utazoea." Nilizoea, lakini sikuzipenda.

Aliyenifunza kazi alikuwa Misi Doreen, mwalimu wa kitengo chetu cha watoto wakimbizi, Mjamaika mnene asiyevua kofia ya sufu hata ndani ya nyumba. Mahojiano yangu yalikuwa swali moja. "Unaweza kunyamaza?" Nikanyamaza. Akasema nimepata. Baadaye ndiyo nikaelewa maana yake. Watu wema huja na maswali yao kama watu wanaopiga picha msibani, wakitaka mtoto awasimulie yaliyompata. Misi Doreen alikataza. "Mwulize kama ana njaa," alikuwa akisema. "Mwulize kama ana baridi. Hayo mengine ni mali yake, akitaka atakupa."

Zana zetu zilikuwa chache. Bati la biskuti lenye kadi za picha, penseli zilizochongwa ncha zote mbili, birika la umeme, blanketi. Kadi hizo zilikuwa na picha ya mpiga kinanda na picha ya mbweha, lakini hazikuwa na muhogo, wala mkeka, wala mama aliyejifunga kanga, basi nikawa nachora zangu usiku. Mbuzi wangu hakufanana na mbuzi hata kidogo. Watoto walimcheka, na mtoto akishacheka kazi imeanza.

Kufundisha kulikuwa rahisi ukilinganisha na kutafuta nafasi. Watoto walikaa nyumbani miezi, wamekaa juu ya kitanda wanatazama televisheni wasiyoielewa, kwa sababu kila shule ilisema imejaa. Matokeo ya mitihani yalikuwa yakichapishwa magazetini, na mwalimu mkuu gani anataka mtoto asiyejua Kiingereza aje amwangushie jina? Misi Doreen alivaa koti lake la kanisani, akamshika mtoto mkono, akaenda kukaa mapokezi ya shule, hata ya kwetu wenyewe. Hagombi, hasemi, amekaa tu na kofia yake. Nafasi ni kitu cha ajabu. Asubuhi haipo, baada ya chakula cha mchana ipo.

Hivyo ndivyo tulivyompokea Mwanaesha, mwaka mmoja majani yakianguka. Alikuwa na miaka tisa, Mbajuni wa visiwa vya chini ya Kismayu, na shule mbili zilikuwa zimeshamkataa. Alikuja na shangazi yake, Bi Khadija, mwanamke mwembamba aliyesafisha maofisi mjini alfajiri na tena jioni, na katikati akigombana na redieta isiyopasha joto ya nyumba aliyopewa na kaunsili, serikali ya mtaa. Kibajuni chake na Kipemba changu vilikutana njiani, tukaelewana. Aliniambia pale pale mlangoni, koti hajavua: "Mwalimu, mimi nimeacha kila kitu, hata sufuria. Huyu asome. Asiposoma, nilimtoa kule kwa nini?"

Mwanaesha alikuwa msafi, mpole, mwandiko wake wa kunakili ulikuwa mzuri kuliko wa watoto waliozaliwa hapa. Lakini ukimwita, hageuki. Rejista ikifika jina lake, kimya. Mwalimu amwite kutoka ubaoni, mpishi amwite dirishani ampe chakula, kimya, macho kwenye meza. Mwanzo walidhani ni kiziwi. Hospitali wakampima wakasema masikio yake ni mazima kuliko ya aliyempima. Basi wengine wakaanza kusema neno lile linalosemwa taratibu, kwamba labda ana upungufu. Aliyekuwa akikaa naye ni Berivan tu, mtoto wa Kikurdi. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja na walielewana sana.

Kisha kaunsili wakaandika kwamba watamtuma mtaalamu wao, Bwana Pritchard, kabla ya likizo ya Desemba. Atakaa darasani, atamwita, atampa kitabu. Asipoitika na asiposoma, atahamishiwa kitengo maalumu ng'ambo ya mto. Nilikwenda kukiona. Watu wa huko ni wema, sisemi kitu. Watoto walikuwa wakifundishwa kufunga kamba za viatu na kupanda basi. Kitabu sikukiona mkononi mwa mtoto hata mmoja, na sikumwona aliyewahi kurudishwa shule ya kawaida. Nilipanda basi kurudi huku nikifikiria sufuria za Bi Khadija.

Sasa ngazi.

Ilikuwa mwanzo wa baridi, kile kipindi ambacho watoto wanatoka shule na giza nalo linaingia pamoja nao barabarani. Basi la Bi Khadija lilikuwa limekwama. Nilibaki na Mwanaesha juu, kwenye kibaraza cha ngazi ya ghorofa ya tatu, tumeshavaa makoti. Jengo lilikuwa tupu. Nikasikia mtu akimwita kutoka chini. "Mwanaesha." Sauti ya mtu mzima, ya mwanamume, si kali wala si pole, na jina limetoka sawasawa kama litokavyo kinywani mwa mtu wa kwetu. Pale shuleni hakuna mwanamume aliyeweza kulitamka jina lile. Wao walisema Wanisha, Manesha, kila mmoja na lake.

Nikafungua kinywa nijibu kwamba tuko huku juu. Mkono mdogo ukanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Usinijibie," akasema. Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia.

Ikaita tena. "Mwanaesha." Safari hii ilikuwa karibu zaidi, au ngazi tu ndizo zilizoileta karibu. Nilichungulia chini, nikaona mawe, na taa moja iliyokuwa ikizimika na kuwaka. Tulisimama. Mtoto alikuwa akihesabu, niliiona midomo yake. Kisha akaniachia, akapangusa kamasi, akasema kama anayenipa habari ya hali ya hewa: "Ya tatu haijaja."

Bwana Terry alipanda na funguo zake muda si mrefu. Hakumwona mtu, na milango yote miwili alikwisha kuifunga, ilikuwa ndiyo maana anakuja kututafuta. Nikamwambia nimesikia mwanamume. "Ni ngazi hizo," akasema, lakini safari hii hakucheka.

Nyinyi mliozaliwa pwani hamhitaji kuelezwa. Tumelelewa nalo sote. Ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Wasio watu huita mara moja au mbili, ya tatu hawaiwezi. Mimi nilifika Landani na vyeti vyangu vya kupiga chapa, na mpaka leo simu ikilia magharibi huiacha ilie kidogo. Lakini kwa nini mtoto huyu hakuitika hata saa nne asubuhi, hata kwa mpishi aliyeshika sahani?

Nilikwenda kumtembelea Bi Khadija Jumamosi. Shikeni hili, ni la kazi. Mkienda nyumbani kwa watu pigeni hodi mngoje, vueni viatu, na chai mkipewa mnywe hata kama mmetoka kunywa. Nilikunywa vikombe vitatu kabla hajanieleza. Mwanaesha alikuwa chumba cha pili akichora.

Mwanaesha, akasema, alikuwa na kaka yake, Shee, mwenye miaka kumi na miwili. Wenye bunduki walipoingia kisiwani kuteka watu wa kuwabebea mizigo ilikuwa magharibi. Wale watoto wawili walijificha ndani ya tangi la maji lililokauka nyuma ya nyumba. Wale watu hawakuwatafuta kwa kuvunja milango. Walikuwa wamemkamata mtu wa mtaani, jirani anayejua jina la kila mtoto, wakampitisha nyumba hadi nyumba aite. Akaita: "Shee, Mwanaesha." Kisha akaita tena. Shee akasema ni mtu wetu huyo. Dada yake akamshika nguo, akamwambia bado ya tatu. Shee akaitika, akatoka.

"Mwanaesha akawasikia wanamwuliza dada yako yuko wapi," Bi Khadija akasema. Aliinamisha kichwa juu ya kikombe. "Na Shee akawaambia, sina dada, nipo peke yangu. Basi wakaondoka naye. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kisiwa. Nilimtoa mtoto tangini asubuhi."

"Na Shee?"

"Hatujui. Hakuna habari." Akanyanyua birika anijazie, nikamzuia. "Anasema wale waliita mara mbili, Mwalimu. Anasema ile ya tatu bado ipo njiani, inamfuata. Hawezi kuitika jina hilo mpaka ajue ni nani anayekuja nayo. Nimempiga, nimembembeleza, nimemsomea. Kila nikimwita ananitazama tu."

Nilirudi kwangu Walthamstow kwa treni nikiwa sioni mbele. Nililia mbele ya watu, na watu wa treni ya chini ya ardhi, Mungu awabariki, wakasoma magazeti yao.

Jumatatu nilimweleza Misi Doreen. Nilitegemea nitahitaji kueleza sana. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Bibi yangu Jamaika alinifundisha hivyo hivyo. Mzimu huita. Usiujibu mpaka uujue." Kisha akawasha birika. "Mtoto huyu si mgonjwa, Salma. Ana adabu tu. Haya, hatumwiti tena. Kwenu mtu akija kwa wema hufanyaje?"

"Hupiga hodi," nikasema.

Tangu siku ile darasani kwetu hakuna aliyeitwa kutoka mbali. Ukimtaka mtu unakwenda mpaka mezani kwake, unasimama akuone uso, unagonga meza mara moja, unasema hodi. Misi Doreen alilitangaza kama sheria ya nchi. Watoto walilipenda kupita kiasi. Wakurdi, Wasomali, Wakongo, mtoto mmoja wa Kialbania mwenye mafua ya kudumu, wote hodi hodi kutwa nzima, mpaka mwalimu wa jirani akaja kulalamika, naye akaambiwa hakupiga hodi. Mwanaesha alitazama siku kadhaa. Kisha nikamgongea, na akasema, kwa sauti ndogo lakini akinitazama machoni: "Karibu."

Hapo tukafungua kitabu. Alikuwa amekwisha kujifunza kusoma, jamani, yote aliyokuwa akinakili alikuwa akiyaelewa. Alinisomea kwa mnong'ono, ukurasa hadi ukurasa, kidole chini ya mstari. Ikifika saa za giza kuingia alifunga kitabu, akatazama mlango, akangoja. Mimi nami nilizoea kungoja naye. Sauti ile niliisikia tena mara moja au mbili, wiki zile, daima kutoka chini, daima inaishia mwito wa pili. Misi Doreen aliisikia siku moja akiwa anafunga kabati. Aliendelea kufunga, lakini alianza kuimba wimbo wa kanisani.

Nilijaribu, naam, kumwita mwenyewe mara tatu, waziwazi, mchana, nikiwa mbele yake. Alinionea huruma. "Wewe siye uliyeanza," akaniambia.

Bwana Pritchard alikuja jioni yenye mvua, amechelewa, koti linachuruzika maji. Alikuwa mtu muungwana mwenye macho ya kuchoka, hiyo ilikuwa shule yake ya tatu siku hiyo. Misi Doreen alimweleza habari ya hodi. Alisikiliza kwa makini akasema ni jambo zuri sana, lakini huko nje hakuna atakayempigia mtoto hodi, na lazima amwite akiwa amekaa nyuma, kama anavyowaita wengine wote. Akatuomba sisi wawili tusiseme kitu mpaka amalize. Bi Khadija alikuwa ameomba ruhusa kazini, amekaa chini mapokezi na koti lake, kama Misi Doreen alivyokuwa akikaa katika shule za watu.

Tulibakiza watoto wachache tu ili chumba kisiwe kitupu. Mwanaesha alikaa na Berivan, migongo yao kwetu. Dirishani mwanga ulikuwa umeshakwisha. Redieta iligonga gonga ikanyamaza.

"Mwanaesha," akaita Bwana Pritchard. Alijitahidi, maskini. Lilitoka limevunjika, lakini lilitambulika.

Kimya. Niliona mabega ya mtoto yakipanda.

Akangoja kwa haki kabisa. "Mwanaesha," akaita tena.

Kimya. Kalamu ya Bwana Pritchard ikaanza kuandika. Nilimtazama Misi Doreen, naye ameuma mdomo, machozi yamejaa. Nikasema moyoni imekwisha, mtoto huyu atafundishwa kufunga kamba za viatu mpaka awe mwanamke mzima.

"Mwanaesha."

Ilitoka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha mkono, na nje yake ni kile kibaraza na ngazi. Haikuwa sauti ile ya chini. Hii ilikuwa nyepesi, ina haraka kidogo, ya mtu anayekuita twende kucheza na wewe unachelewa kuvaa viatu. Berivan aligeuza kichwa kuutazama mlango. Niliona hilo kwa macho yangu, na Berivan hakuwa na mila yetu wala lugha yetu.

Mwanaesha alisimama. "Labeka," akasema, kwa sauti kubwa, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyoitika. Akaenda mlangoni, akaufungua wote, akatazama ngazi, chini na juu. Sijui alikaa pale muda gani. Kisha akarudi, akavuta kiti, akakaa ametuelekea sisi. Uso wake ulikuwa umelowa na ulikuwa umetulia. Bwana Pritchard akamsogezea kitabu. Akakisoma, si kwa mnong'ono, akakisoma chote, hata ukurasa wa mwisho wenye anwani ya wachapishaji.

Bwana Pritchard aliandika kwamba mtoto aliitika mwito wa tatu, ulioitwa na mwalimu msaidizi. Alinikanya kwa upole nilipokuwa nikimpa koti lake, kwamba tulikubaliana tusiseme kitu. Sikumbishia. Mtoto alikuwa amebaki shuleni, ningembishia nini? Alipokwisha kushuka, Misi Doreen alinishika mkono. "Salma wangu, asante kwa kuita," akasema. Nikamwambia nilidhani ni yeye. Alivua kofia yake. Kwa miaka yote ile ndiyo siku pekee niliyoziona nywele zake, zilikuwa nyeupe zote.

Nilikwenda kumgongea Mwanaesha meza. Hodi. Karibu. Nikamwuliza ni nani aliyemwita.

"Shee," akasema. Alikuwa akipanga penseli zake. "Nilidhani ya tatu watakuja nayo wao, kumbe yeye ndiye aliyekuwa nayo."

Chini, Bi Khadija aliponiona nikishuka alisimama akashikilia kiti. Nikamwambia anabaki. Akakaa tena, akafunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Ngazi zile zilibaki ngazi tangu hapo, zikikohoa na kunong'ona kama kawaida yake. Mwanamume yule hakuita tena.

Miaka ikapita. Wakaja watoto wa Kosovo, wakaja wa Afghanistan, Wakongo wakaongezeka, kompyuta zikaletwa na bati langu la biskuti likawekwa kabatini, nikalitoa tena. Misi Doreen alistaafu akarudi kwao kwenye jua. Mwanaesha alipanda madarasa, akaenda sekondari na baadaye chuo, na barua zote za shule alimsomea shangazi yake yeye mwenyewe. Ndipo siku moja Bi Khadija akanipigia simu, magharibi, nikaiacha ikalia kisha nikaipokea. Alikuwa amempata mtu wa visiwani, aliyefika karibuni, aliyetekwa pamoja na Shee. Shee hakuuawa siku ile. Aliwachotea maji wale watu miezi mingi, bara, mpaka homa ikamchukua. Alifia mikononi mwa mtu huyo.

"Mwezi gani?" nikauliza.

"Anasema ilikuwa Rajabu," akasema Bi Khadija. Nikamsikia akihesabu kwa kunong'ona, akirudi nyuma mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, mpaka Rajabu ile. Ilikuwa Desemba ya huku, mwaka ule wa Bwana Pritchard. Baadaye akaniuliza kama nimeshakula.

Mwanaesha ndiye mnayemwita Misi M., mwalimu mwenzenu wa ghorofa ya tatu. Najua hamkulijua hilo, na yeye amenipa ruhusa niliandike. Siku yangu ya mwisho kazini, kabla ya keki yenu, nilipanda kumuaga. Ilikuwa Desemba, na mlango wa darasa lake ulikuwa wazi wote, upepo wa ngazini unaingia moja kwa moja. Bwana Terry alikuwa akimlalamikia jambo hilo mpaka alipostaafu, na huyu wa sasa naye analalamika, kwamba anapasha moto ngazi. Watoto walikuwa wamevaa makoti. Mbele alikaa msichana mgeni, aliyefika wiki ile kutoka Kongo, kichwa chini, hajajibu mtu tangu aletwe.

Mwanaesha alimwita kwa upole, akangoja. Akamwita tena, akangoja. Mtoto hakutikisika. Mwanaesha hakuandika kitu. Alisimama kando ya meza yake akiwa amekunja mikono, anatazama mlangoni, na darasa zima likatulia naye kana kwamba limezoea.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "Mwanangu, baridi. Funga mlango basi."

"Bado kidogo, Bi Salma," akasema. "Na huyu labda ana mtu wake anayekuja kumwita. Tusimfungie."

Nikavuta kiti kidogo cha watoto, nikakaa na koti langu, tukangoja.